Samaki wa Duka la Kisumu au wa Kuagiza Mtandaoni?

Kwako Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na ninaishi Mamboleo, Kisumu, pamoja na mke wangu na watoto wetu. Mapema mwaka huu nilinunua tangi la kioo la lita 100 na kuliweka sebuleni. Tangi hilo pamoja na samaki wa kwanza nilivichukua siku moja katika duka la samaki wa mapambo lililo mjini. Mwenye duka ni mzee mmoja mwenye ujuzi mwingi, lakini siku hiyo hakuwepo, na aliyenihudumia ni kijana wake. Niliondoka na samaki wa dhahabu wawili, gapi kadhaa na moli. Baada ya takriban wiki moja samaki walianza kupanda juu na kuhema kwenye uso wa maji, matamvua yao yakiwa mekundu, na wengi wakafa. Nilimwaga maji yote, nikaosha changarawe na sponji ya kichujio kwa maji ya mfereji hadi vikatakata, nikajaza upya. Waliosalia nao wakafa.

Jirani yangu akanionyesha muuzaji wa Nairobi anayetangaza biashara yake mtandaoni. Gapi anayeuzwa shilingi 250 hapa Kisumu, kwake ni shilingi 120. Kichujio ambacho mzee anakiuza kwa shilingi 3,500, kwake ni shilingi 2,200. Niliagiza vyote, nikalipa kwa M-Pesa, na kifurushi kikatumwa kwa basi la usiku. Kilifika alfajiri, lakini nilikuwa na vipindi darasani hadi mchana, kwa hiyo nilikichukua saa nane. Nusu ya samaki walikuwa wamekufa ndani ya mfuko, na wengine waliobaki hawakufika Jumapili. Muuzaji aliniambia kwamba wajibu wake uliisha alipokabidhi mzigo kwa wenye basi, na wenye basi wakaniambia kwamba wao hawadhamini kiumbe hai. Kichujio, hata hivyo, kinafanya kazi vizuri sana.

Kuna jambo jingine linalonikera moyoni. Jumamosi nyingi mimi hupita dukani kwa yule mzee, nikauliza maswali, nikaangalia vifaa vyake, naye hunieleza kila kitu kwa subira, kisha narudi nyumbani na kutafuta vifaa vivyo hivyo kwa bei nafuu kwenye simu. Mke wangu anasema kwamba fedha nilizokwisha kutumia zingetulisha ngege mwaka mzima. Rafiki yangu mmoja, mvuvi wa Dunga, ananiambia niache kununua kabisa, kwani yeye atanipa fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, bila malipo.

Naomba unielekeze. Je, ninunue kwa mzee kwa bei ya juu, niagize Nairobi na kukubali hasara ya njiani, au nichukue samaki wa ziwa?

Mwalimu wa Mamboleo, Kisumu

Mwalimu, salamu nyingi kwako na kwa jamaa yako.

Nitaanza na vifo vya kwanza, kwa sababu usipojua chanzo chake utabadilisha wauzaji mwaka mzima na samaki wataendelea kufa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na kinyesi chake, na amonia ni sumu kwake hata ikiwa kidogo sana majini. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi juu ya sponji, changarawe na vioo. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao hawaji pamoja na kioo kipya. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka kiasi cha kutosha, nawe uliweka samaki siku ile ile ulipojaza maji. Kuhema juu ya maji na matamvua mekundu wiki moja baadaye ni dalili za sumu hizo mbili. Ulipoosha sponji kwa maji ya mfereji, klorini ambayo kampuni ya maji huitia ili kuua vijidudu vinavyotudhuru sisi iliwaua pia bakteria wachache waliokuwa wameanza kazi. Joto la Kisumu nalo huzidisha ukali, kwa kuwa kadiri maji yanavyopata joto na kuwa na alkali zaidi, ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa katika hali yake ya sumu.

Duka halina udhuru hapa. Muuzaji anayekuandikia tangi jipya na samaki katika risiti moja, bila kukuuliza hata swali moja, amekuuzia na msiba ndani yake. Tena alikuchanganyia samaki wasiofaa kuishi pamoja. Samaki wa dhahabu hupendelea maji ya nyuzijoto 18 hadi 22 hivi, hutoa uchafu mwingi, na wa aina ya kawaida anaweza kupita urefu wa sentimita 20, ilhali gapi na moli hustawi kwenye nyuzijoto 24 hadi 28. Mtu wa Nakuru, ambako usiku kuna baridi, anaweza kufuga samaki wa dhahabu bila taabu na akalazimika kununua hita kwa ajili ya gapi. Kwako Mamboleo mambo ni kinyume. Katika usawa wa bahari, maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, na yanapofika nyuzijoto 30 kiasi hicho hushuka hadi 7.5 hivi. Kisumu ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo oksijeni hupungua tena. Stima ikipotea mchana wa jua kali na kichujio kikasimama, samaki wanaweza kukosa hewa, na yule mkubwa huhitaji nyingi zaidi. Baki na gapi na moli peke yao.

Dawa ya tangi lako ipo dukani kwa mzee, na si rahisi kwa tovuti kukutumia. Mwombe kipande cha sponji iliyotumika kwa miezi mingi katika tangi ambalo samaki wake ni wazima, ukibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi hilo hilo, na ukiweke ndani ya kichujio chako siku hiyo hiyo pamoja na samaki wawili au watatu tu. Bakteria utakuwa nao tangu siku ya kwanza. Maji ya mfereji yatulize kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, au uyatie dawa ya kuondoa klorini, na sponji uioshe daima ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe. Badilisha robo ya maji kila wiki, wala usiyamwage yote.

Sasa tuje kwenye zile shilingi 250 na 120. Duka la Kisumu nalo aghalabu huagiza samaki wake kutoka Nairobi au Mombasa, na huenda wakaja kwa barabara hiyo hiyo waliyopitia wako. Tofauti ni kwamba wanaokufa njiani, na wanaokufa siku tano za kwanza kwa uchovu na maradhi, humfia mzee. Zile shilingi 130 za ziada ni bei ya samaki waliokufa ambao wewe hukuwaona, na ya chakula na dawa za wale waliopona. Ukigawa fedha ulizolipa kwa idadi ya waliobaki hai baada ya wiki mbili, utakuta kwamba gapi wa shilingi 120 alikugharimu zaidi ya yule wa mzee. Na ikiwa hakubaki hata mmoja, kama inavyoelekea katika maelezo yako, hakuna hesabu ya kupiga.

Lakini hoja hiyo ina sharti. Duka linastahili bei ya juu endapo tu limewashikilia samaki hao kwa muda. Samaki aliyeshuka kwenye basi asubuhi na kuuzwa jioni ni samaki wa mtandaoni aliyeongezwa bei. Kwa hiyo muulize mzee kila kundi liliingia lini, na usichukue aliyekaa dukani chini ya wiki moja. Ukimpenda samaki aliyefika jana, lipa arubuni na umwombe amhifadhi. Muuzaji mwadilifu hatakataa. Mwombe awalishe ukiwa umesimama pale, uone wanavyokimbilia chakula. Tazama dalili za ugonjwa: mapezi yaliyobanwa mwilini, madoa meupe kama chembe za chumvi, tumbo lililobonyea, na samaki anayejitenga pembeni. Angalia pia kama wavu mmoja unaingizwa katika matangi yote, kwa sababu ugonjwa wa tangi moja huhamia kwa njia hiyo. Mzoga ukielea katika tangi unalonunulia, ondoka siku hiyo hata kama mwenye duka ni mjomba wako. Faida nyingine ya duka la karibu ni maji: samaki aliyekaa wiki mbili katika maji yanayofanana na yale ya mfereji wako hana mageni mengi ya kuzoea, ilhali aliyetoka kwenye kisima cha mtaa fulani wa Nairobi anaweza kukutana na maji tofauti kabisa.

Kuhusu basi la usiku, nitaeleza kwa urefu kidogo, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza samaki bila kuelewa. Mfuko uliofungwa vizuri huwa na maji theluthi moja na oksijeni safi theluthi mbili, huwekwa ndani ya mfuko wa pili, kisha hufungiwa katika sanduku la povu gumu lenye giza. Samaki hunyimwa chakula siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji. Mfuko wa namna hiyo unaweza kumfikisha gapi salama kwa saa 24 au zaidi. Mfuko uliojazwa hewa ya kawaida, ambayo ina oksijeni asilimia 21 tu, haumpi muda huo. Kutoka Nairobi hadi kwenu ni takriban kilomita 350, na barabara hupanda juu ya mita 2,000 kabla ya kuteremka kuelekea ziwani. Samaki asiye ndani ya sanduku la povu hupigwa na baridi ya nyanda za juu usiku wa manane, kisha asubuhi huachwa katika ofisi ya mizigo mjini Kisumu ambako joto hupanda saa baada ya saa. Kifurushi chako kilikaa hapo hadi saa nane. Siwezi kumsamehe muuzaji kwa hilo: mtu anayeuza kiumbe hai huuliza kwanza mnunuzi atakipokea saa ngapi, na akijibiwa kwamba ni mchana, hutuma siku nyingine.

Lipo pia jambo linalotokea mfuko unapofunguliwa. Samaki akiwa safarini hutoa kaboni dioksidi, nayo huyafanya maji kuwa na asidi zaidi. Asidi hiyo huigeuza sehemu kubwa ya amonia kuwa katika hali isiyo na madhara makubwa. Ukifungua mfuko, kaboni dioksidi hutoroka, asidi hupungua, na amonia iliyorundikana usiku kucha hurudi kuwa sumu ndani ya dakika chache. Wengi hufungua mfuko na kuanza kuongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe kwa saa nzima, wakidhani wanamzoesha samaki, kumbe wanamwacha ndani ya sumu. Mfuko uliosafiri saa nyingi uelee juu ya maji ya tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane. Kisha ufungue, mtoe samaki kwa wavu bila kukawia, umweke ndani, na maji ya mfuko uyamwage nje. Taa ya tangi izimwe hadi kesho yake.

Sikukatazi kuagiza samaki kabisa. Ipo aina ambayo mzee hana na hatakuwa nayo, na mpenzi wa samaki hawezi kuishi kwa gapi peke yake. Ukiagiza, mwombe muuzaji video ya samaki wenyewe iliyochukuliwa siku hiyo wakila. Patana naye kwa maandishi jinsi watakavyofungwa na nani atabeba hasara wakifika wamekufa, na ujue kwamba wauzaji makini hudai picha ya mfuko ambao haujafunguliwa, iliyopigwa mara tu baada ya kupokea. Safari iwe usiku wa Ijumaa ili Jumamosi alfajiri uwe unasubiri stegini. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro zake, kwa hiyo ile kauli kwamba wajibu huisha mlangoni pa basi usiipokee hivi hivi. Hata hivyo, hakuna atakayemfuata mtu hadi Nairobi kwa ajili ya gapi watano, na ndiyo maana makubaliano ya mapema yana uzito kuliko malalamiko ya baadaye. Samaki wa kuagiza wasiingie moja kwa moja katika tangi kuu. Wakae wiki mbili hadi nne kwenye beseni au tangi dogo lenye kichujio chake, kwa maana ule ugonjwa wa madoa meupe unaweza kuja nao bila kuonekana na kuwaambukiza wote.

Vitu visivyo na uhai ni habari nyingine, na huko mtandao mara nyingi unashinda. Kichujio, pampu ya hewa, taa na vifaa vya kupima maji havichoki njiani. Hata chakula ningekiagiza, ikiwa duka lenu hukigawa katika vifuko vidogo visivyo na tarehe, kwa sababu vitamini hupotea baada ya kopo kufunguliwa. Kopo dogo lililofungwa kiwandani ni bora kuliko kifuko ambacho hujui kimekaa rafuni tangu lini. Kwa kifaa cha umeme, hakikisha kimeandikwa volti 220 hadi 240 na kwamba plagi yake ni ya pini tatu kama soketi za nyumbani kwako. Kifaa cha kwanza cha kuagiza kiwe cha kupima amonia na nitriti, na ikiwezekana kile cha matone badala ya karatasi. Kioo usikitume kwa basi hata siku moja. Fundi wa vioo wa Kisumu atakuundia tangi, mradi tu silikoni yake iwe isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, na meza iwe imara, kwani lita 100 za maji pekee ni kilo 100.

Kuhusu yule mzee, nakubaliana na dhamiri yako. Anayekueleza kwa saa nzima jinsi ya kuchagua kichujio anafanya kazi, na kazi hiyo imo ndani ya zile shilingi 1,300 za tofauti. Ukitumia maarifa yake kila Jumamosi na fedha zako ukazipeleka kwingine, siku moja utakuta amefunga, na hapo hutakuwa na wa kumwomba sponji iliyokomaa wala wa kumpigia simu usiku samaki wanapohema. Lakini haikulazimu umsaidie kama mtu wa kuhurumiwa. Mwonyeshe bei ya Nairobi waziwazi na umuulize bei yake ya mwisho. Kwa kichujio kama kile, huenda angeshuka hadi shilingi 2,800, na mimi ningelipa hiyo bila kinyongo, kwa kuwa kifaa kikiharibika nitakirudisha kwa mguu. Akishindwa kushuka, mwambie kwamba vifaa utaagiza na samaki utanunua kwake. Mfanyabiashara mzoefu huheshimu mteja anayesema kweli kuliko yule anayejifanya hana fedha. Mweleze pia kuhusu kijana wake, kwa upole na mkiwa wawili tu, ili mteja mwingine asipewe samaki wa dhahabu kwa tangi la jana.

Nimalize na fulu wa Dunga. Ni samaki wa kupendeza mno, na wafugaji wa Ulaya na Marekani huwatafuta, kwani Ziwa Victoria lilikuwa na aina zake zinazokadiriwa kufika 500 kabla ya mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, kuongezeka na kuwala wengi wao. Lakini wa kutoka wavuni mara nyingi amejeruhiwa na ana vimelea, dume wa fulu hupigania eneo lake hata katika tangi la lita 100, na gapi wako wangekuwa kitoweo. Ukitaka kuwafuga, fungua tangi la pili baada ya hili kutulia, na uulize kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti kuhusu kibali cha kuwachukua wakiwa hai.

Njia ya kurudi, yaani kutoka tangini kwenda ziwani, iwe imefungwa kabisa. Ziwa hilo lilikwisha kupata mbuta na gugu maji, na Naivasha wangali na kamba wa Louisiana waliotiwa huko mwaka 1970. Gapi na moli huzaa samaki hai mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya mwaka kwisha utakuwa na wengi kuliko tangi linavyoweza kubeba. Wapeleke kwa mzee. Maduka mengi ya karibu huwapokea watoto wa samaki wenye afya na kukupa chakula au punguzo la bei badala yake, nawe utakuwa umemletea samaki waliozaliwa katika maji ya Kisumu, ambao hawakupanda basi.